Quest 2 katika mazoezi ya wagonjwa wa kiharusi

Quest 2, miwani ya uhalisia pepe ambayo kampuni ya Meta, wakati huo ikiitwa Facebook, iliingiza sokoni Oktoba 2020, ilitengenezwa kwa ajili ya michezo, lakini imejikuta katika vyumba vya fiziotherapia kwa sababu haihitaji kompyuta wala waya. Swali ni kama inamfaa mtu ambaye kiharusi kimemwachia mkono mzito.

Ubora wake mkubwa ni kumfanya mgonjwa arudie. Mkono uliopooza hudai tendo lilelile mara nyingi mno, na kuhamisha vikombe mezani huchosha moyo kabla ya kuchosha msuli. Mgonjwa huyohuyo akiona ndani ya miwani maputo ya mchezo yanamjia, hunyoosha mkono bila kuhesabu. Kamera zake hufuatilia hata vidole vitupu, jambo la maana kwa asiyeweza kushika rimoti.

Kasoro huanzia kwenye kuivaa. Ina gramu 503, nyingi zikiwa mbele ya uso, hivyo shingo dhaifu huchoka mapema, na kurekebisha mkanda wake kwa mkono mmoja ni kazi ngumu. Wapo pia wanaopata kizunguzungu. Lililo zito zaidi ni kwamba miwani hii hufuatilia kichwa na mikono tu: mgonjwa akiinamisha kiwiliwili kizima badala ya kunyoosha kiwiko, puto hupasuka vilevile na pointi huandikwa. Mtaalamu asipokuwepo kumzuia bega, mwili hujifunza kukwepa.

Kuhusu matarajio, utafiti wa EVREST, uliochapishwa mwaka 2016, uliwagawa wagonjwa 141 katika nchi nne: wengine walicheza Nintendo Wii, mtambo wa michezo ya video, wengine karata, dhumna na michezo mingine ya kawaida, wote wakiendelea na tiba yao. Makundi yote mawili yalipata nafuu, wala Wii haikuishinda dhumna (wazee wa barazani wangetabasamu). Ni kweli kwamba Wii huchezwa kwenye runinga, haivaliwi machoni. Lakini hata mapitio ya mwaka 2017 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliyojumuisha majaribio 72, yaliona faida kwa mkono hasa pale uhalisia pepe na michezo ya video vilipoongezwa juu ya tiba ya kawaida, si vilipochukua nafasi yake.

Kwa hiyo ningeishauri kliniki iitumie ili kurefusha muda wa mazoezi, ianze na wagonjwa wanaoweza kuketi bila kuegemezwa, na isimpunguze mtaalamu hata mmoja kwa ajili yake.