Wasifu wa marais wa Marekani kwa watoto: tuliyoyasoma na binti yangu wa darasa la tatu

Siku ya Marais huku Marekani huwa Jumatatu ya tatu ya Februari, na ikikaribia tu, shule za msingi huanza kuwagawia watoto marais. Kila mtoto anamsoma wake na kuja kumwelezea mbele ya darasa. Shule nyingine hufanya kile wanachokiita makumbusho ya nta: mtoto anavaa koti na kofia, anasimama kama sanamu, mzazi akimgusa bega anaanza kujieleza, "Mimi ni Abraham Lincoln, nilizaliwa Kentucky mwaka 1809..." Sisi tunaishi Columbus, Ohio, jimbo walikozaliwa marais saba, kwa hiyo mambo haya hayachukuliwi kwa mzaha. Mimi nimekulia Mombasa. Marais hawa nilikuwa nawajua kwa habari za redio na sura zao kwenye noti. Tukaazima vitabu rundo zima, tukavisoma pamoja usiku baada ya usiku, na maoni haya nawaandikia wazazi wenzangu ambao zamu yao inakuja.

Usinunue chochote kabla hujafika maktaba. Kadi ni bure, na wasifu upande wa watoto hupangwa kwa jina la anayesimuliwa, si la mwandishi, hivyo Lincoln wote utawakuta wamekaa pamoja na unaweza kuwalinganisha palepale sakafuni. Kuna vile vyembamba vya picha vya kurasa 32. Kuna vya sura fupi fupi, kurasa mia hivi, ambavyo dukani huuzwa chini ya dola 10. Halafu kuna vinene vyenye picha za kamera, kwa watoto wa miaka kumi kwenda juu. Kwa mtoto wa darasa la tatu anayesoma vizuri, hivyo vya katikati ndivyo vinavyofaa. Vile vya "maajabu ya marais" viacheni rafuni. Vyote vitawaambia kwamba William Howard Taft alinasa kwenye beseni la kuogea, na hakuna ushahidi wa kisa hicho. Watoto wanacheka, sawa, lakini mwalimu akiuliza umekitoa wapi, huna jibu.

Mimi nikishika kitabu cha George Washington, rais wa kwanza, sasa sianzi ukurasa wa kwanza. Naangalia kwanza meno yake. Kitabu kikisema yalikuwa ya mbao, nakirudisha rafuni. Meno yake ya bandia yalitengenezwa kwa madini, pembe za ndovu, meno ya kiboko, na meno ya watu. Hesabu za nyumbani kwake Mount Vernon zinaonyesha kwamba mwaka 1784 yalilipiwa meno tisa kutoka kwa watu weusi. Mwandishi anayelijua hilo na akapata namna ya kumwambia mtoto wa miaka minane bila kumtisha, huyo namwamini na kwa mengine. Vilevile naangalia mti wa mcheri. Kisa cha Washington mdogo aliyekata mti wa baba yake akakataa kusema uongo kilitungwa na Mason Locke Weems, mchungaji aliyekuwa pia muuza vitabu, na kilionekana kwenye toleo la mwaka 1806 la wasifu alioandika, Washington akiwa ameshafariki tangu 1799. Kitabu kizuri tulichopata kilikisimulia kisa chenyewe halafu kikaeleza nani alikibuni na kwa nini watu walikipenda. Binti yangu akakipenda zaidi.

Lakini penye uzito zaidi ni utumwa. Vitabu vyembamba vingi vina mstari mmoja mwishoni, kwamba Washington aliagiza katika wasia wake watumwa wake waachiwe huru, kisha basi. Hakuna aliyewahi kufanya kazi katika nyumba hiyo, ungedhani chakula kilijipika. Januari 2016 kampuni moja kubwa ya vitabu ilitoa kitabu cha picha kuhusu mpishi wake Hercules, kikimwonyesha anatabasamu akioka keki ya siku ya kuzaliwa ya bwana wake. Kelele zikapigwa, kitabu kikaondolewa sokoni Januari hiyohiyo. Hercules halisi alitoroka tarehe 22 Februari 1797, siku Washington alipotimiza miaka 65.

Kimoja cha kurasa mia kilinishangaza kwa wema wake. Kilieleza sheria ya Pennsylvania ya mwaka 1780, iliyompa mtumwa aliyeletwa na mgeni na kukaa jimboni zaidi ya miezi sita nafasi ya kudai uhuru wake, na jinsi Washington, serikali ilipokuwa Philadelphia, mji wa jimbo hilo, alivyokuwa akiwazungusha watumwa wake nje ya jimbo kabla muda haujatimia. Kisha kikamleta Ona Judge, kijakazi wa Martha, mke wa Washington, aliyetoka nje ya nyumba ya rais Mei 1796 wakati familia ikila chakula, akapanda merikebu hadi New Hampshire, na hakurudi tena ingawa walimtafuta. Binti yangu akaniuliza, "Mama, huyu Washington alikuwa mtu mzuri au mbaya?" Kitabu hakikumjibu. Tulikaa na swali hilo mpaka taa ilipozimwa.

Kwa Lincoln kazi ni rahisi, vitabu ni vingi na vizuri. Kipimo changu hapa ni tangazo la uhuru la tarehe 1 Januari 1863. Vya watoto wadogo husema aliwaachia huru watumwa wote siku hiyo. Tangazo lilihusu majimbo ya Kusini yaliyoasi tu, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kentucky, alikozaliwa yeye mwenyewe, haikuguswa. Utumwa ulifutwa nchi nzima kwa marekebisho ya 13 ya katiba, Desemba 1865, miezi minane baada ya yeye kuuawa. Mwandishi anaweza kuyasema haya kwa sentensi mbili na mtoto akaelewa. Kwa mtoto mkubwa kidogo, kile cha Russell Freedman chenye picha za kamera, kilichopata nishani ya Newbery, tuzo kubwa ya vitabu vya watoto Marekani, mwaka 1988, bado sijaona cha kukishinda: unauona uso wa Lincoln ukizeeka ndani ya miaka michache ya vita, huhitaji maneno. Binti yangu alikiona kigumu kusoma peke yake, tukagawana, mimi nikasoma maandishi na yeye akasimamia picha. Alichokikumbuka ni Grace Bedell, msichana wa miaka 11 aliyemwandikia Lincoln mwaka 1860 kwamba uso wake ni mwembamba na afadhali afuge ndevu. Akafuga. Na barua ilijibiwa!

Sasa mapendekezo ambayo hamtayasikia shuleni: kama watoto wenu nao wanaongea lugha nyingine nyumbani, waombeni Martin Van Buren. Hakuna anayemgombania. Alizaliwa mwaka 1782 Kinderhook, New York, baba yake akiwa na baa, na ndiye rais pekee ambaye Kiingereza hakikuwa lugha yake ya kwanza. Kwao walizungumza Kiholanzi. Vitabu vyake ni vichache na, niseme kweli, vinachosha, maana mambo ya benki na mdororo wa uchumi wa 1837 si hadithi ya kulalia. Hata hivyo ukurasa ule wa Kiholanzi ulisomwa nyumbani kwetu mara nyingi kuliko vita vyote vya Washington.

Theodore Roosevelt ndiye watoto wanayemfurahia, na haki yake: watoto wake walimpandisha farasi mdogo kwenye lifti ya Ikulu ili akamjulie hali ndugu yao mgonjwa. Kila kitabu pia kina kisa cha Mississippi mwaka 1902, alipokataa kumpiga risasi dubu aliyefungwa kwenye mti, na jinsi mwanasesere wa dubu alivyopata jina la Teddy. Kurasa chache mbele yuko kwetu. Aprili 1909, wiki saba hivi tu baada ya kuondoka madarakani, alishuka Mombasa, akapanda reli ya Uganda akiwa amekaa kwenye benchi mbele kabisa ya injini, na msafara wake ukakusanya zaidi ya vielelezo 11,000 vya wanyama kwa ajili ya Smithsonian, makumbusho ya taifa ya Marekani. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512. Binti yangu akafunga kitabu kwa kidole ndani yake: "Yule dubu alimhurumia. Hawa je?" Hakuna kitabu hata kimoja kati ya vile tulivyoazima kilichoona kwamba mtoto ataunganisha kurasa hizo mbili. Na wapagazi zaidi ya mia mbili waliobeba mahema, chumvi ya kukaushia ngozi na vitabu vyake? Kwenye mchoro ni mstari wa watu wadogo wasio na sura, mbali nyuma. Mimi wa Mombasa nilikitazama kile kichoro nikasonya.

Vya Obama vinasomeka vizuri, labda kwa sababu waandishi hawakuwa na visa vya kale vya kunakili. Kuzaliwa Honolulu 1961, utoto wa Jakarta, bibi na babu, yote yapo. Wanapokwama ni kwa baba. Vingine humwita mwanafunzi kutoka Afrika, kama vile Afrika ni kijiji, na Kogelo, kwao huko Kenya, haitajwi. Vilivyo bora husema waziwazi kwamba baba aliondoka mtoto akiwa mdogo sana, akarudi kumwona mara moja tu, mwaka 1971, na hawakuonana tena hadi baba alipofariki Nairobi kwa ajali ya gari mwaka 1982. Kwa watoto wanaolelewa na mzazi mmoja, ukurasa huo una thamani kuliko sherehe ya kuapishwa.

Jambo moja la vitendo: angalieni mwaka wa kuchapishwa. Grover Cleveland, aliyeondoka madarakani kisha akarudi, alihesabiwa mara mbili, wa 22 na wa 24, na Trump naye wa 45 na wa 47, kwa hiyo orodha za zamani za ukurasa wa nyuma zitamchanganya mtoto anayepaka rangi chati yake. Vitabu vya kusikiliza vya maktaba vinafaa safarini, ila msivitegemee kwa kazi ya shule, mwalimu anataka namba ya ukurasa.

Binti yangu aliishia kumchagua Lincoln, kama nusu ya darasa, kwa ajili ya kofia. Lakini Ona Judge hajamtoka kichwani. Kuna wasifu wake wa wasomaji vijana uliotoka mwaka 2019, tumeuwekea oda maktabani, na mbele yetu kuna foleni.