Zabuni tatu za nyumba moja: uzoefu wangu wa kumtumia mkadiriaji majenzi

Milioni 61, milioni 74, milioni 92. Hizo ndizo bei nilizoletewa kwa ramani ileile: vyumba vitatu kimoja masta, sebule, jiko, baraza, jumla mita za mraba 118, kwenye kiwanja changu cha mteremko huku Goba, Dar es Salaam. Ya kwanza ilitoka kwa fundi niliyeelekezwa na jirani, mistari mitano kwenye karatasi ya daftari. Ya pili ni ya kampuni, imepigwa chapa na muhuri juu. Ya tatu ilikuwa na kurasa tisa, na kusema kweli sikuzisoma. Niliangalia jumla tu.

Moyo ulikuwa umeshaiangukia ile ya milioni 61. Shemeji yangu, ambaye amefanya kazi saiti miaka mingi, akazichukua zote tatu, akazisoma kimya, kisha akaniambia: "Dada, hapa hakuna bei tatu. Hapa kuna nyumba tatu." Akanishauri nimtafute mkadiriaji majenzi, yule ambaye mafundi wanamwita QS.

Nilimlipa shilingi 800,000. Iliniuma, maana bado sikuwa nimenunua hata tofali moja. Alikuja saiti, akapima, akaandaa BOQ, yaani orodha ya vipimo vya ujenzi, ambayo kila kazi na kila kifaa kimetajwa kwa kiasi chake, sehemu ya bei ikaachwa wazi. Tukawapelekea wote watatu: jazeni bei tu, msibadilishe kiasi.

Hapo ndipo nilipoona nilichokuwa nakaribia kukisaini. Fundi wa milioni 61 alikuwa amehesabu msingi wa kozi nne (mistari minne ya matofali) kuzunguka nyumba nzima, kana kwamba kiwanja ni bapa. Kiwanja changu kinashuka karibu mita moja na nusu toka mbele hadi nyuma, kwa hiyo ukuta wa nyuma unahitaji kozi kumi, na ndani yake kifusi cha kujaza na kushindilia kabla hujamwaga jamvi, yaani sakafu ya zege. Hakuwahi kufika kiwanjani, alikadiria kwa ramani. Shimo la choo nalo halikuwemo kabisa.

Ile kampuni ya milioni 74 ilikuwa imefika saiti, lakini kwenye renta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, iliweka nondo za milimita 10 wakati ramani inasema 12. Ukizishika mkononi unaweza usione tofauti kubwa, ila ya 10 ina chuma pungufu kwa karibu asilimia 30. Bati waliandika geji 30 badala ya 28, na geji ikipanda namba bati linakuwa jembamba. Chini kabisa, kwa maandishi madogo: bei haijumuishi VAT. Weka asilimia 18 juu ya milioni 74 uone unafika wapi. Inazidi milioni 87, na hizo ni kwa nondo nyembamba.

BOQ ziliporudi, fundi alikuwa amepanda hadi milioni 85, kampuni ya pili milioni 95 pamoja na VAT, na yule wa milioni 92 ameshuka hadi 89, VAT ikiwemo.

Nilimchagua huyo wa 89. Milioni nne za ziada kuliko fundi si hela ndogo kwangu, lakini nilishaulizia Bodi ya Usajili wa Makandarasi: yeye yumo, daraja la saba, fundi hayumo. Tena fundi alitaka nusu ya hela mkononi kabla ya kuchimba. Huyu alikubali asilimia 15, halafu nalipa kila hatua ikikaguliwa: jamvi, renta, kupaua, umaliziaji. Na kabla ya kusaini nilikwenda Madale, bila yeye, kwa mama mmoja aliyejengewa naye. Nilimuuliza swali moja tu, kama aliongezwa bei katikati ya kazi. Akasema mara moja, kwenye milango, na ni kwa sababu yeye mwenyewe alibadili mbao.

Sasa kuhusu QS. Kazi yake ilikuwa ya makini na ningemlipa tena, lakini ana makosa mawili. Aliahidi wiki moja, akachukua wiki mbili na nusu, na simu alikuwa hapokei. La pili ni kubwa zaidi: alisahau mtaro wa maji ya mvua upande wa juu wa kiwanja. Kwa mteremko kama wangu ulitakiwa uwemo tangu mwanzo. Tuliugundua msingi ukiwa umeshapanda, na umenigharimu shilingi milioni 2.3 nje ya mkataba. Nilimpigia nikamweleza bila kuficha kwamba nimeumia, naye hakubisha.

Boma langu limefika renta. Mwezi uliopita jirani wa chini yangu alimwita QS huyohuyo, na BOQ yake nimeiona. Mtaro upo, kazi ya kwanza kabisa upande wa kazi za nje.