Programu ya kupima umbali wa ndege: nilivyoitumia Lubumbashi hadi Guangzhou

Kabla ya safari yangu ya kwanza kwenda Guangzhou kununua vitambaa, nilipakua kwenye simu programu ya bure inayopima umbali kati ya viwanja vya ndege. Unaandika FBM, herufi za uwanja wetu wa Luano hapa Lubumbashi, kisha CAN, za uwanja wa Guangzhou, na jibu linatoka papo hapo: kilomita 10,100, saa 12 na dakika 23.

Umbali siupingi. Inapima njia fupi kuliko zote juu ya mviringo wa dunia, na hizo kilomita ni karibu robo ya mzunguko wake. Ni kama kwenda Kinshasa mara sita na nusu bila kutua.

Muda ndio ulioniponza. Inachukua kilomita, inagawanya kwa mwendo wa 850 hivi kwa saa, inaongeza nusu saa ya kuruka na kutua, basi. Hiyo ni ndege ya moja kwa moja, na kutoka Luano hakuna. Nilipitia Addis Ababa: saa 3 na dakika 50 angani, saa 4 na dakika 40 kwenye kiti cha chuma nimekumbatia mkoba, halafu saa 10 nyingine za kuruka. Jumla 18 na nusu, na foleni za Luano sijazitia. Ajabu ni kwamba Addis haizungushi sana. Ukijumlisha vipande viwili, 2,600 na 8,040, unapata kilomita 540 tu za ziada, hata saa moja ya kuruka haifiki. Kinachokula muda ni kungoja.

Kosa la pili lilinigharimu zaidi. Kongo ina majira mawili ya saa, na sisi huku Lubumbashi tuko saa moja mbele ya Kinshasa. Programu iliniweka Kinshasa! Ikaniambia Guangzhou iko mbele kwa saa 7, wakati kwetu ni 6. Nami nikaiamini, nikamwambia ndugu wa kunipokea aje saa kumi na nusu alasiri. Nilitua saa tisa na nusu. Simu haina laini ya kule, nimesimama na valizi mbili, kila anayepita na kibao cha jina namkodolea macho. Alipofika, kwa saa niliyompa mwenyewe, hata kulalamika sikuweza.

Naipa nyota tatu. Kwa kilomita, itumie bila wasiwasi. Kwa muda, soma saa zilizoandikwa kwenye tiketi. Kila moja ni ya mji wake, kwa hiyo ondoa tofauti ya majira kwa kalamu ukienda, na iongeze ukirudi. Safari ya kurudi nilihesabu hivyo, nyuma ya risiti ya mzigo. Mama watoto alikuwa ameshafika Luano nilipotoka, akaniuliza vitambaa kabla ya salamu.