Programu ya kuchorea modeli: meli yangu imefungiwa ndani

Unayeunda modeli za meli nyumbani na unatafuta programu ya kuchorea, soma hapa kabla hujatoa hela.

Jina la hiyo programu silitaji. Ni ya zile za kulipia kila mwezi, faili zinakaa kwenye seva za kampuni. Niliichagua kwa ajili ya ganda la meli tu. Unaweka mataruma, yaani mbavu za meli, yenyewe inayaunganisha toka tezi (nyuma) hadi omo (mbele) na mkunjo unalala vizuri mpaka unatabasamu. Ningeandika haya miezi ya mwanzo ningewapa nyota zote.

Naunda modeli ya Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, kwa kipimo cha 1:100. Milimita moja mezani kwangu ni sentimita kumi za meli, kwa hiyo mataruma siyakati kwa msumeno, nampelekea fundi wa leza ayakate kwenye plaiwudi. Fundi anataka faili ya DXF, aina ya faili ya michoro ambayo mashine yake inaisoma, basi. Sasa jioni moja, mwaka jana mwishoni mwishoni, nataka kutoa mataruma ya nyuma, nakuta kitufe kimefifia. Kifurushi changu eti hakiruhusu tena DXF, nipande cha juu. Kilikuwa kinaruhusu! Nilikilipia kikiwa kinaruhusu! Nikagoma kulipa zaidi, na mwezi ulipoisha mchoro mzima ukawa wa kutazama tu. Mistari niliyoichora kwa mkono wangu, usiku, baada ya kazi, leo siruhusiwi kuigusa. Ni sawa na mwenye nyumba kupiga kufuli vyombo vyako vikiwa ndani wakati kodi hujawahi kuchelewesha.

Nikaenda kwa wakala wao mjini. Kijana wa kaunta, macho kwenye simu: "Hiyo ni programu ya wahandisi, mzee." Nikamweleza taratibu kinachonisumbua. Akamgeukia mwenzake, wakacheka. "Kwa hiyo mzee, hasira zote hizi ni za midoli?"

Midoli! Meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande, ikavuka bahari mpaka Dar es Salaam, ikapandishwa reli kwenda Kigoma, ikashushwa majini 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini Ziwa Tanganyika kwa jina la Liemba. Nilimwambia yote hayo pale pale, wateja wengine wanasikiliza. Alichonipa ni kikaratasi chenye namba ya huduma kwa wateja, na namba hiyo hujibiwa na mashine.

Nimehamia FreeCAD. Ni ya bure, inafanya kazi hata bando likiisha, na faili inakaa kwenye diski yako mwenyewe. Toleo la 1.0 lilitoka Novemba 2024 na limepunguza sana ile kero ya zamani, ya mchoro kuvurugika ukirudi kubadilisha hatua za mwanzo. Ukitaka vipande bapa tu, LibreCAD inatosha, tena DXF ndiyo faili yake ya kawaida. Kwa mikunjo ya ganda FreeCAD inadai subira, na siwezi kudanganya kwamba inaifikia ile ya kulipia. Kitu kimoja tu: kabla ya kukata, weka kwenye faili mraba wa milimita 100 na mwombe fundi aupime kwenye skrini yake. DXF nyingi hazisemi zimechorwa kwa milimita au kwa inchi, na mashine ikidhani ni inchi, taruma linakuwa kubwa mara 25.4.

Kwa haki, mwenye ofisi inayomlipia kila mwezi huenda akaifurahia ile programu. Ni nzuri, sikatai. Hapana, nafuta hilo. Hata yeye asinunue, maana kitufe kilichofifia kwangu siku moja kitafifia kwake, na huko kazi ya mteja ndiyo itakayokwama. Nyota moja, nayo ni ya ule mkunjo wa ganda. Ukilazimika kwenda kwa wakala, muulize: nikiacha kulipa, michoro yangu naondoka nayo kwa DXF? Akianza kuzunguka, funga pochi yako utoke.

Mataruma ya katikati yameshakatwa. Ya tezi bado wanayo wao, nayachora upya.