Uraia: somo la peke yake au ndani ya Historia?

Kwa miaka mingi Tanzania Bara imefundisha Uraia, yaani elimu ya katiba, serikali na haki za raia, kama somo la lazima, Kidato cha Kwanza hadi cha Nne. Kenya, katika mfumo wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu), iliyaweka mambo hayo hayo ndani ya Historia na Serikali.

Somo linalojitegemea lina vipindi vyake kwenye ratiba na mtihani wake, kwa hiyo halisahauliki. Shida iko kwa mwalimu. Mara nyingi vipindi hupewa mwalimu wa Historia au Jiografia ambaye hakuandaliwa kufundisha katiba, na darasa zima huishia kunakili fasili kutoka ubaoni. Tena sekondari somo limekuwa likifundishwa kwa Kiingereza, ilhali Katiba ya mwaka 1977 ipo kwa Kiswahili. Mpe mwanafunzi ibara ya 18, ya uhuru wa maoni, aisome kwa lugha anayoiota usiku, uone mjadala utakavyowaka!

Njia hiyo ya Kenya ilimwonyesha mwanafunzi mambo yalikotoka: harakati za uhuru, kisha Katiba ya 2010 na kaunti 47. Ila aliyeliacha somo hilo Kidato cha Tatu alikosa yaliyobaki.

Mimi nachagua somo linalojitegemea, kwa masharti: mafunzo kazini kwa walimu wake, nakala za Katiba darasani, na ulinzi kwa mwalimu anayewaruhusu wanafunzi kuuliza mapato na matumizi ya kijiji chao.