Mwendokasi ya Barabara ya Morogoro: Tathmini ya Anayeangalia Uzito Wake

Wengi huyasifu au kuyalaumu mabasi yaendayo haraka ya Dar es Salaam kwa dakika yanazookoa. Mimi nayapima kwa jambo jingine: yanamfanya abiria atembee kiasi gani, na yanamteremsha mbele ya chakula gani.

Awamu ya kwanza, iliyoanza kubeba abiria Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, ina urefu wa takriban kilomita 21. Daladala ilizoea kusimama karibu popote abiria aliposema "shusha", ilhali basi hili husimama kituoni tu, nacho kituo kipo katikati ya barabara. Kwa hiyo abiria wa Kimara hupanda na kushuka daraja la waenda kwa miguu, na anayekaa ndani ndani Manzese hukatiza vichochoro hadi barabara kuu. Hakuna anayeziita hatua hizo mazoezi, na hapo ndipo ubora wake ulipo, kwa kuwa hazimtaki mtu atenge muda wala alipe ada. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki: robo saa ya kutembea kwa haraka kwenda kituoni na robo saa ya kurudi, siku tano za kazi, inatosha.

Hesabu hiyo huvurugwa na bodaboda, ambazo hujipanga pale pale abiria anapotokea. Simlaumu mwenye mzigo anayekabili vilima vya Kimara juani, lakini kwa aliye karibu, nauli hiyo hununua upungufu wa hatua.

Kwenye chakula ndipo alama zinaposhuka. Jioni, kuanzia Shekilango hadi Magomeni, abiria mwenye njaa hukutana kwanza na karai la mafuta: chipsi na mihogo ya kukaanga, pamoja na mishikaki ya kuchoma na soda baridi kandoni. Chipsi mayai hupita kwenye mafuta mara mbili, na gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9 dhidi ya 4 za wanga. Soda ya mililita 350 hubeba takriban gramu 35 za sukari, yaani kilokalori 140 hivi. Mtu wa kilo 70 atahitaji kutembea karibu kilomita tatu kuzitumia, umbali ambao wengi hawaufikishi kwa safari ya kwenda na kurudi kituoni. Ajabu ni kwamba soko la Mabibo, linalopokea ndizi na matunda kwa jumla, haliko mbali na njia hii.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini wana uzito uliozidi, na mijini hali ilikuwa nzito kuliko vijijini. Basi peke yake halielezi hilo, wala muuza chipsi, ambaye huuza kinachoshibisha kwa bei ya mfuko wa mteja.

Kwa kutembeza watu naipa huduma hii alama nne kati ya tano. Kwa mazingira ya chakula nje ya vituo, mbili. Wanaopanga vituo vya awamu zinazofuata wangewatengea wauza matunda na mama lishe wa ugali, maharage na mchicha nafasi ya kwanza kwenye njia ya kutokea, kabla ya karai.