Zilipendwa za kantri kwa sauti za wanawake wasionyamaza: ununue albamu gani kwanza

Kama pesa yako inatosha albamu moja tu, nunua The List ya Rosanne Cash. Unaweza kuacha kusoma hapa hapa ukaenda kuitafuta, na hutajuta. Yaliyobaki ni kwa mwenye pesa ya mbili au tatu, au anayetaka kujua kwa nini nimeitanguliza hiyo mbele ya nyingine ambazo pengine unazipenda zaidi.

Sisi tuliokulia Kenya tunaijua kantri tangu utotoni. Kwetu redio ilikuwa juu ya kabati, na Jumapili baada ya kanisa mama hakuruhusu mtu aiguse: Jim Reeves, Don Williams, Kenny Rogers, Dolly Parton, mpaka chakula kiive. Nilizijua nyimbo hizo kwa moyo kabla sijajua zinasema nini. Ndiyo maana nakuwa mkali na albamu za kuimba upya. Nyingi ni msanii aliyeishiwa na nyimbo, akaona bora achukue zilipendwa, azipake rangi mpya na kuziuza. Ukizinunua utazisikiliza mara mbili, halafu utarudi kwa aliyeuimba wimbo mwanzo.

Kipimo changu ni kimoja: huyu mwanamke ana lake la kusema? Wimbo ulioimbwa na mwingine unakuwa wake pale tu msemaji anapobadilika, hata kama maneno ni yale yale.

Mfano mzuri ni wa mwaka 1952. Hank Thompson alivuma na wimbo wa kumlaumu mwanamke aliyeacha nyumba yake akarudia maisha ya baa. Mwaka huo huo Kitty Wells akamjibu kwa melodi ile ile: msimsingizie Mungu, waliowafikisha wanawake hao huko ni waume za watu wanaojifanya hawajaoa. Redio ya NBC iliukataa wimbo, na Grand Ole Opry, onyesho maarufu la kantri la mjini Nashville, nayo ikamzuia kwa muda asiuimbe jukwaani. Watu waliununua vivyo hivyo. Kitty akawa mwanamke wa kwanza kufika namba moja peke yake kwenye chati ya kantri ya jarida la Billboard. Aliyekulia Pwani hahitaji kuelezwa zaidi. Kujibizana kwa wimbo ni jadi ya taarab, na Bi Kidude alizichukua nyimbo za Siti binti Saad akaziimba kwa sauti yake nzito, iliyokwaruza, mpaka ukadhani ni habari zake mwenyewe za jana.

Basi nianze na namba moja.

The List (2009). Rosanne ni binti wa Johnny Cash. Mwaka 1973, akiwa na miaka 18, alikuwa safarini na baba yake kwenye basi la ziara. Wakawa wanazungumza nyimbo, na kila baba alipotaja moja, binti akasema haijui. Mzee akaingiwa na wasiwasi, akachukua karatasi na kumwandikia nyimbo 100 za lazima, akamwambia: haya ndiyo masomo yako. Binti aliitunza karatasi hiyo miaka yote, wakati akitafuta jina lake nje ya kivuli cha baba. Alikuja kuimba 12 kati ya nyimbo hizo akiwa na miaka zaidi ya 50, baada ya baba kufariki na baada ya yeye mwenyewe kufanyiwa upasuaji wa ubongo mwaka 2007.

Usikilize I'm Movin' On. Hank Snow aliuimba mwaka 1950 kwa mwendo wa treni, mwanamume anamwacha mwanamke na kujisifia anavyoondoka, na ukakaa namba moja wiki 21. Rosanne anaupunguza kasi, anaushusha sauti, na ghafla anayeondoka ni mwanamke ambaye amelifikiria jambo hilo kwa muda mrefu na hana tena haja ya kupiga kelele. Sikia pia She's Got You, uliovuma kwa Patsy Cline mwaka 1962: mimi nina picha yako, nina santuri tulizozisikiliza, nina pete, na yule mwingine anacho kimoja tu, wewe. Waimbaji wengi huulilia wimbo huu. Rosanne anavihesabu vitu hivyo kama mtu anayepanga sanduku. Gitaa la mumewe, John Leventhal, ambaye ndiye prodyuza, halimsukumi hata kidogo.

Wageni wapo, Bruce Springsteen, Elvis Costello, Rufus Wainwright na Jeff Tweedy, lakini hakuna anayempora wimbo. Na huyu si mtu wa kunyamaza. Oktoba 2017, siku chache tu baada ya mtu mwenye bunduki kuwamiminia risasi wasikilizaji wa tamasha la kantri Las Vegas, Rosanne aliandika kwenye gazeti la New York Times akiwataka wanamuziki wenzake wa kantri wajitenge na chama cha wenye bunduki. Katika fani ambayo wengi huogopa kuwaudhi mashabiki, huo ni ujasiri wa kugharimu.

Namba mbili ni Shadowland ya k.d. lang (1988), na hapa najua wengine watabisha kwa sababu si maarufu kwetu. Lang ni Mkanada wa Alberta, alikuwa akivaa na kunyoa anavyotaka, na Nashville, makao makuu ya kantri, haikujua imweke wapi. Alikwenda kumtafuta Owen Bradley, prodyuza wa Patsy Cline, mzee aliyekwisha kustaafu, akamrudisha studio. Matokeo yake ni mtindo wa Nashville wa miaka ya 60 wenyewe, piano inayodondoka taratibu, vinanda vya nyuzi, waitikiaji nyuma, na mbele yao sauti ya mwanamke kijana inayoweza kushika noti moja mpaka ukasahau kupumua. Mwishoni wanaingia Kitty Wells yule yule wa 1952, Brenda Lee na Loretta Lynn, wakaimba naye. Kwa mpenzi wa Jim Reeves, hii ndiyo itakayomwingia kwanza, kwa sababu ni sauti ya nyumba ile ile.

Mwaka 1990 lang alishiriki tangazo la kupinga ulaji wa nyama. Kwao ni nchi ya wafuga ng'ombe. Vituo vya redio vya maeneo ya wafugaji viliacha kupiga nyimbo zake. Miaka 2 baadaye akasema hadharani kwamba anapenda wanawake wenzake, wakati ambapo hakuna nyota wa kantri aliyethubutu.

Sasa Cowboy Carter ya Beyoncé (2024). Naiweka ya tatu, na ukiniuliza wiki ijayo pengine nitaipandisha. Ndani yake kuna Jolene. Dolly Parton alipoutoa mwaka 1973 alikuwa mwanamke anayembembeleza mrembo asimchukulie mume. Beyoncé hambembelezi mtu, anamwonya. Wapo waliokasirika kwamba ameharibu wimbo. Mimi naona amefanya alichofanya Kitty Wells: amechukua melodi inayojulikana na kila mtu akabadilisha nani ana nguvu. Dolly mwenyewe amesikika ndani ya albamu akimtangulizia wimbo huo. Halafu kuna Blackbird ya Beatles ya mwaka 1968, ambayo Paul McCartney ameeleza kwamba aliitunga akifikiria mapambano ya watu weusi wa kusini mwa Marekani. Beyoncé ameiimba na wanawake wanne weusi wa kantri: Tanner Adell, Brittney Spencer, Tiera Kennedy na Reyna Roberts. Na akamwita Linda Martell, mwanamke mweusi wa kwanza kuimba peke yake Grand Ole Opry, mwaka 1969, ambaye baada ya albamu moja ya mwaka 1970 soko lilimwacha. Kumsikia Martell akiongea katika rekodi iliyokuja kushinda Grammy ya albamu bora ya mwaka kunanigusa kila mara.

Mbona basi si namba moja? Kwanza, nyimbo za kuimba upya humo ni chache, nyingi ni zake. Pili, ni ndefu, vipande 27, na si vyote vinabeba uzito. Tatu ni jambo la mnunuzi hasa: santuri za kwanza zilitoka na upungufu wa nyimbo 5, zikiwemo Ya Ya na Spaghettii, na CD nazo zilipunguzwa. Kabla hujalipa, geuza jalada uhesabu nyimbo moja moja. Ukinunua mtandaoni, mwombe muuzaji picha ya upande wa nyuma. Asipoitoa, achana naye.

Home ya The Chicks (2002), wakati huo wakiitwa Dixie Chicks, ndiyo ya nne na ndiyo ya bei nafuu kuliko zote kwenye CD za mitumba, kwa kuwa iliuzwa kwa mamilioni. Hakuna dramu kabisa, ni banjo, fidla, mandolini na sauti tatu. Wameimba Landslide ya Fleetwood Mac vizuri mno, lakini wa kusikiliza ni Travelin' Soldier, uliotungwa na Bruce Robison, habari ya msichana anayemsubiri askari aliyepelekwa Vietnam. Tarehe 10 Machi 2003, siku chache kabla ya vita vya Iraq, Natalie Maines, mwimbaji wao mkuu, aliwaambia wasikilizaji London kwamba wanaona aibu kuwa rais wa Marekani anatoka Texas kama wao. Wakati huo wimbo huo wa askari ulikuwa kileleni mwa chati. Redio za kantri zikaacha kuupiga, ukaporomoka. Ukiujua mkasa huo, utausikia wimbo tofauti.

Full Circle ya Loretta Lynn (2016) ni ya kipekee kwa kuwa anajiimba upya mwenyewe. Alikuwa na miaka 83. Fist City, alioutoa mwaka 1968 kumtishia ngumi mwanamke anayemzungukia mumewe, anaurudia humo bila kupunguza ukali, na aliyezoea mipasho atatabasamu papo hapo. Huyu ndiye aliyeimba kuhusu vidonge vya uzazi wa mpango mwaka 1975, redio zikamfungia. Sikuiweka juu zaidi kwa sababu baadhi ya nyimbo zinabaki karibu mno na zilivyokuwa. Kama huna kabisa rekodi za Loretta za miaka ya 60 na 70, tafuta hizo kwanza.

Wrecking Ball ya Emmylou Harris (1995) ni albamu kubwa na ninaipenda, ila nakuonya. Prodyuza Daniel Lanois ameijaza mwangwi na ukungu, nyimbo za Neil Young, Bob Dylan, Hendrix na Lucinda Williams zinaelea. Ukimpa mzazi aliyezoea Kenny Rogers atauliza redio imeharibika. Sikiliza kwanza nyimbo mbili mtandaoni, kisha uamue. Emmylou naye hakukaa kimya: aliongoza matamasha ya kupinga mabomu ya kutegwa ardhini. Huyo Lucinda Williams ana mfululizo wake wa Lu's Jukebox, wa nyimbo za wengine, aliouanza wakati wa korona kusaidia kumbi ndogo za muziki. Chukua ile ya kantri ya miaka ya 60 tu.

Kuhusu umbo la kununua. Nairobi, soko la Kenyatta, kuna santuri za zamani, na kantri nimeikuta mara nyingi, ila hizi nilizotaja nyingi ni za karibuni na hutazikuta kirahisi. Utalazimika kuagiza. Santuri ni nzito, usafirishaji unaweza kufikia bei ya santuri yenyewe, na ukifika posta kuna ushuru. Niliwahi kuagiza Shadowland kutoka duka moja la ng'ambo ikafika imepinda ukingoni. Sindano ilikuwa inapanda na kushuka kila mzunguko, na sauti ya lang ikiyumba nayo. Muuzaji alidai ilitoka kwake ikiwa sawa, na pesa sikuiona tena. Tangu hapo naagiza tu kwa anayeandika wazi kwamba atarudisha pesa.

Ukiipata ya mkononi, itoe ndani ya mfuko wake, ishike kwa ukingo na uilaze usawa wa jicho lako kuelekea dirishani. Ikiwa imepinda utaona mwanga unakatika. Mikwaruzo myembamba isiyoshikika kwa ukucha haina neno, ile inayokwama ukucha itarusha sindano. Nusa jalada pia, hasa kama imekaa Mombasa au Dar: harufu ya unyevu maana yake ukungu umeshaingia kwenye mistari.

Kwa The List mimi ningechukua CD ya mitumba bila kusita. Ni albamu ya sauti ya chini, yenye nafasi nyingi za kimya, na santuri chakavu itakujazia kimya hicho milio ya vumbi. Shadowland ndiyo pekee ambayo ningesubiri mpaka nipate santuri safi ya 1988, hata kama ni kwa miezi. Mimi bado naisubiri.